Daftari la Ukoo ni Amana

Ndugu Waislamu, mara nyingi tunapoitwa kugawa mirathi hapa Sumbawanga, hukuta warithi wasiowajua ami zao wala shangazi zao. Mzee aliyejua ameshafariki, na picha alizoziacha sandukuni hazina majina.

Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Suratul Baqara, aya ya 282, kuandika madeni, Mtume (s.a.w.) naye ametuhimiza kujifunza nasaba ili tuunge udugu. Basi tusione uzito kuandika ukoo.

Daftari moja gumu la dukani latosha. Kila mtu apewe ukurasa wake: jina, wazazi, kijiji, mwaka wa kuzaliwa. Picha tusizigandishe kwa uji wa unga, kwani mende huufuata. Tupasue karatasi mahali panne, tuchomeke pembe zake. Tuandike kwa penseli, maana wino husambaa kwa unyevu wa mvua. Kipande cha kitenge cha bibi nacho kina nafasi yake, pamoja na habari za malungu, yale matanuru marefu ambamo Wafipa waliyeyushia chuma.

Simu isitutoshe, ikiharibika, picha hupotea nayo.

Tuanze leo baada ya swala, kwa aliye mkubwa kuliko wote nyumbani. Tukichelewa, tutamzika pamoja na majina yote.

Wabillahi tawfiq.