Mnyaa: Ua Mzuri, Lakini si Karibu na Watoto

Mkulima uliye na shamba katika nchi kavu ya Nyatike, Karungu au bonde la Lambwe, mti huu unaujua. Kijaluo huitwa ojuok, nasi kwa Kiswahili twauita mnyaa. Hauna majani ya kutajika; vijiti vyake vya kijani ndivyo vinavyofanya kazi ya majani, na ndiyo sababu hauogopi jua. Ardhi ya mawe yautosha. Usichokipenda ni maji yanayosimama, basi usiupande mahali ambapo udongo mweusi hutuama maji wakati wa masika.

Kuupanda hakuna gharama. Kata vijiti vya urefu wa futi moja na nusu, uvilaze kivulini siku moja au mbili mpaka utomvu ukauke, kisha uvipande mvua zinapoanza, kimoja karibu na mwenziwe. Ukiuacha utakuwa mti mrefu kupita nyumba, kwa hiyo upunguze kila mwaka. Mbuzi hapendi kuutafuna, na mstari wake hausogei, jambo linalopunguza ugomvi wa mipaka. Ila usiling'oe jiwe la mpima ardhi ukidhani mnyaa unatosha! Jiwe ndilo linalotambuliwa na serikali.

Sasa sikiliza habari ya utomvu wake mweupe. Ukiingia jichoni huunguza vibaya, na mtu aweza kupofuka. Unapokata, simama upande upepo unakotoka, vaa miwani ikiwa unayo, wala usijipanguse uso kwa mkono. Ukikurukia, osha jicho kwa maji mengi safi kwa muda wa robo saa, halafu nenda hospitali siku ile ile. Usitie dawa ya majani.

Kuna na jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya unaowapata watoto. Ni saratani, na huku kwetu ziwani ipo. Wataalamu waliopima utomvu wa mnyaa wameona kwamba waweza kuamsha kirusi kinachohusika na saratani hiyo. Hawasemi mnyaa peke yake huleta ugonjwa, kwani malaria nayo imo katika shauri hili. Lakini watoto wetu huvunja vijiti hivi na kuchezea maziwa yake kama gundi, na mchezo huo lazima ukome.

Kwa hiyo panda mnyaa mpakani mwa shamba, mbali na nyumba. Kuzunguka uwanja wa nyumbani weka kayaba. Ina miiba, lakini mwiba mtoto huuona. Ikiwa mnyaa wa zamani umeuzunguka mji wako, ung'oe kidogo kidogo wakati wa kiangazi, watoto wakiwa shuleni, na usiuchome ungali mbichi, maana moshi wake huwasha macho. Wala usiutupe mtoni. Utomvu wake huua samaki, na kuvua kwa sumu ni kosa la sheria.