Atibiwe Hapa au Arudishwe Nyumbani?

Katika jamii zetu za wazungumzaji wa Kiswahili hapa Marekani, kikao cha familia kuhusu kijana anayetumia dawa za kulevya mara nyingi huishia kwenye uamuzi mmoja: arudishwe nyumbani. Mjomba wa Mombasa ameshapigiwa simu, shangazi wa Dar es Salaam ameshaulizia soba hausi (nyumba ya kuachia dawa za kulevya), kilichobaki ni michango ya tiketi. Wachache hufikiria kumpeleka jimbo la mbali ambako hakuna anayemjua. Kliniki iliyo dakika chache kutoka nyumbani ama haitajwi, ama hutajwa mwisho kabisa, kwa kunong'ona. Naamini mpangilio huo umepinduliwa, na kwa anayetumia heroini, fentanili au vidonge vya maumivu, unaweza kumuua.

Tuanze na safari yenyewe. Aliyezoea unga, yaani heroini, huanza kushikwa na arosto, maumivu ya kukosa dawa, kama saa 8 hadi 12 baada ya kutumia mara ya mwisho. Kutoka Ohio au Texas hadi Dar es Salaam, ukijumlisha kusubiri ndege ya kuunganisha, ni karibu siku nzima. Arosto itamkuta angani: jasho, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Ni mateso makubwa, ingawa kwa mtu mwenye afya si kawaida kuua. Pombe ndiyo inayotisha zaidi. Mlevi wa kila siku akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha akaanza kuweweseka na kuona visivyokuwepo, na asipohudumiwa anaweza kufa. Huyo anahitaji kitanda cha hospitali na dawa za kumtuliza kabla hata ya kuzungumzia tiketi.

Halafu kuna karatasi, ambazo kikao hukumbuka zikiwa zimeshaharibika. Mwenye green card akikaa nje zaidi ya siku 180, anaporudi anaweza kuhojiwa kana kwamba anaomba kuingia upya. Akipitisha mwaka bila kibali cha kurejea alichoomba kabla ya kuondoka, anaweza kuhesabiwa kuwa ameutupa ukaazi wake. Ndugu zetu Wakongomani waliokuja kama wakimbizi hutegemea hati ya safari ya mkimbizi, nayo hudumu mwaka mmoja tu. Tena sheria ya uhamiaji inautaja uraibu wa dawa za kulevya miongoni mwa sababu za mtu asiye raia kuzuiwa kuingia au kuondolewa nchini. Kama mgonjwa si raia, muoneni wakili wa uhamiaji kabla ya kununua tiketi.

Sisemi kwamba nyumbani hakuna tiba. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutuliza arosto, Februari 2011, Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014 kuanzia Hospitali ya Mathari, na Zanzibar ikaanza Kidongo Chekundu mwaka 2015. Kwa kawaida mgonjwa hufika kliniki kila siku, hupewa dozi yake dirishani na kuinywa mbele ya muuguzi, kisha huenda zake kazini. Soba hausi nazo, hasa za Unguja, zimewaokoa wengi. Zinaendeshwa kwa kiasi kikubwa na watu walioacha wenyewe, wanaomjua teja ndani na nje, na siku hupita kwa vikao, hatua 12 za kuacha uraibu, ibada na kazi za nyumba. Lakini nyingi hazitumii methadoni; mtu hukausha tu, yaani huacha ghafla. Na mitaani kuna nyumba za kufungia watu zinazojiita vituo vya tiba. Ikiwa ni Kenya, ulizeni kama kituo kina kibali cha NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Na popote pale, mtu mzima asidanganywe kwamba anakwenda kumsalimia bibi, kisha akafika akanyang'anywa pasipoti.

Shida kubwa kuliko zote huja siku ya kurudi. Mwili uliokaa miezi bila dawa husahau kustahimili. Dozi ambayo zamani ilikuwa ya kawaida kwake, sasa inatosha kumzimisha pumzi. Na anarudi kwenye nchi ambayo unga wake umechanganywa na fentanili, ambako mwaka 2023 watu zaidi ya laki moja walikufa kwa kuzidisha dozi. Anashuka uwanja wa ndege akiwa amenenepa, macho yameng'aa, familia inashukuru Mungu, na hakuna hata mmoja aliyempangia daktari wa wiki hiyo. Wiki za mwanzo baada ya kutoka kituoni ndizo zenye vifo vingi, hata kama kituo kilikuwa kizuri.

Ndiyo maana nauegemeza uzito kwenye tiba ya karibu. Methadoni na dawa nyingine ya aina hiyo, buprenofini, hupunguza vifo vya waraibu wa unga kwa karibu nusu, ila ni dawa za miezi na miaka, na mtu hawezi kuifuata dawa ya kila siku mahali asipoishi. Utafiti wa Baltimore uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa waliosafiri chini ya maili moja kwenda kliniki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumaliza matibabu kuliko waliotoka mbali. Upatikanaji nao umerahisishwa. Tangu mwanzoni mwa 2023 daktari wa kawaida anaweza kuandika buprenofini bila kibali maalumu, na kanuni za 2024 zinaruhusu kliniki kumpa mgonjwa wa methadoni dozi za kubeba nyumbani mapema kuliko zamani.

Kuhusu jimbo la mbali, niseme machache. Medicaid, bima ya afya ya serikali, ya jimbo lenu kwa kawaida hailipii kituo cha jimbo lingine isipokuwa kwa dharura. Anayewapigia simu na kuwaahidi tiketi ya bure na nyumba ya bure, kaeni naye mbali. Florida ilichafuka kwa biashara hiyo ya kuuza wagonjwa hadi Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuikataza mwaka 2018, na mwaka 2023 serikali ya Arizona ilitangaza ulaghai mkubwa wa nyumba za namna hiyo, uliowaumiza hasa wenyeji asilia.

Najua kinachozifanya familia ziikimbie kliniki ya jirani. Ni aibu, nayo ina msingi wake: mkalimani wa Kiswahili anaweza kuwa mtu mnayesali naye. Basi ombeni mkalimani wa simu aliye mji mwingine. Kituo kinachopokea fedha za serikali kuu kinapaswa kuwapatia bila malipo, na mtoto asifanywe mkalimani wa ugonjwa wa baba yake. Kumbukumbu za tiba ya uraibu zinalindwa na sheria ya pekee ya shirikisho, na kwa kawaida hazitolewi bila idhini ya mgonjwa au amri ya mahakama.

Wapo ambao kwao mbali ni bora. Anayeishi na mume anayempiga, au anayelala chumba kimoja na muuzaji wake, aondoke hata kesho. Lakini aondoke akiwa na jina la daktari atakayempokea akirudi, tarehe ya miadi, na dawa za kumfikisha siku hiyo.

Ndugu msomaji, kama kikao hicho kimeshaitishwa kwenu, kwanza pigeni 1-800-662-4357, namba ya taifa ya kusaidia kupata tiba ya uraibu. Simu ni bure, saa 24, kwa Kiingereza na Kihispania, hivyo mwekeni karibu mtu anayejua Kiingereza. Kisha leo hii nendeni duka la dawa mkanunue Narcan, dawa ya kumwokoa aliyezidisha dozi ya unga au fentanili. Tangu 2023 haihitaji cheti cha daktari. Iwekeni mahali kila mtu wa nyumba anapajua, na mjifunze kuipuliza puani. Mkiitumia, pigeni 911 papo hapo.