Adhana na Haki ya Jirani: Waislamu wa Singapore

Singapore ni nchi ndogo yenye watu wapatao milioni 6, na wengi wao wanaishi katika maghorofa yaliyojengwa na serikali. Tangu mwaka 1989 kila jengo limewekewa viwango vya kila kabila, hivyo Mmalay Muislamu hupakana ukuta na Mchina Mbudha au Mhindi wa Kibaniani.

Katika miaka ya 1970 vipaza sauti vya misikiti viligeuzwa vielekee ndani, na adhana ikawa inarushwa redioni. Je, huko si kuidhalilisha adhana? Wengi wa Waislamu hao ni Mashafii kama sisi wa mwambao. Katika madhehebu hayo adhana ni Sunna iliyotiliwa mkazo, na lengo lake ni kutangaza kuingia kwa wakati wa Swala. Kipaza sauti ni chombo tu, Bilal (r.a.) hakuwa nacho. Muadhini angali anaadhini msikitini, na hapo ndipo Sunna inapotimia. Redio inafikisha habari, haichukui nafasi yake.

Na jirani ana haki, japo si Muislamu. Amepokea Tirmidhi kwamba Abdullah bin Amr (r.a.), alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kwanza kama jirani yao Myahudi amepelekewa nyama.