Shoal: Neno Moja au Mawili?

Wahenga walinena kuwa maji ya kifuu bahari ya chungu. Kina cha maji, basi, hutegemea anayekipima. Kwa mtoto anayejifunza kuogelea, maji haba ni usalama. Kwa nahodha, ndiyo hatari yenyewe. Kiingereza kina neno linaloibeba hatari hiyo: shoal. Makala haya yanachunguza maana na asili ya neno hilo, pamoja na funzo lake kwa mfasiri na mtunzi wa kamusi.

Umbo shoal lina maana mbili kuu. Kwanza, ni mahali ambapo maji hayana kina, hasa penye mchanga uliorundikana chini yake. Pili, ni kundi kubwa la samaki waogeleao pamoja. Msomaji anaweza kudhani kwamba maana ya pili ilizaliwa na ya kwanza, kwa kuwa samaki huonekana kwa urahisi penye maji machache. Dhana hiyo inavutia, lakini etimolojia haiiungi mkono.

Shoal ya kwanza inatokana na sceald, kivumishi cha Kiingereza cha Kale kilichomaanisha kuwa na kina kifupi. Nasaba yake ni moja na ya neno shallow. Shoal ya pili ilijitokeza katika maandishi ya karne ya 16. Wapo wanaoihusisha na scolu, neno la Kiingereza cha Kale lenye maana ya kikosi. Wengine huiona kuwa mkopo kutoka Kiholanzi. Vyovyote iwavyo, ni ndugu wa school itumiwayo kwa kundi la samaki, ambayo nayo si ile ya masomo iliyotoka Kigiriki kupitia Kilatini. Kwa hivyo, shoal ni homonimu: maneno mawili yaliyokutana katika umbo moja.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mnamo Novemba 1620, merikebu Mayflower, iliyokusudia kufika kwenye mlango wa mto Hudson, ilikumbana na mafungu ya mchanga karibu na Cape Cod, ikageuka. Abiria wake wakaishia kuweka makao Plymouth. Mfasiri atakayeandika kwamba merikebu hiyo ilizuiwa na makundi ya samaki ataigeuza historia kuwa kichekesho. Kwa upande mwingine, jina la visiwa vya Isles of Shoals, vilivyo kwenye mpaka wa majimbo ya Maine na New Hampshire, aghalabu huelezwa kuwa lilitokana na wingi wa samaki, wala si uhaba wa maji.

Kiswahili nacho kina neno fungu, lipatikanalo katika jina Fungu Yasini, karibu na Dar es Salaam. Fungu la nyanya sokoni, fungu la watu na fungu la mchanga baharini yanaonekana kuunganishwa na dhana moja ya kukusanyika. Hii ni polisemia. Kwa mantiki hiyo, fungu linastahili kidahizo kimoja katika kamusi, ilhali shoal inastahili viwili.

Nahodha hodari hutia bildi kupima kina kabla ya kuingia maji asiyoyajua. Mfasiri naye hana budi kuipima asili ya neno na muktadha wake. La sivyo, atapwelewa pale alipodhani pana kina.