Mambo ya Nyumbani Yakiandikwa

Jina la Witeithie ni la Kikuyu, maana yake "jisaidie". Nasi tunajisaidia kweli: karo, tangi la maji, mazishi. Lakini mama akija mkutanoni jicho limevimba, sote tunaangalia chini na kuendelea na hesabu. Ati hayo ni ya nyumbani.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Kamirithu, Limuru, mwaka 1938, hakuyaacha nyumbani. Mwaka 2010 alitoa kitabu cha utoto wake, Dreams in a Time of War. Baba yake alikuwa na wake wanne na watoto wengi. Raha ilikuwepo: jioni watoto walikusanyika kwa mke wa kwanza kusikiliza hadithi. Kisha mali ikaenda. Shamba ambalo mzee alilinunua kwa maneno, mbele ya mashahidi, korti ikampa mwenye karatasi. Mifugo nayo ikafa kwa ugonjwa. Mzee akageukia pombe na kupiga. Mama Wanjikũ akakimbilia kwa babake, na baadaye Ngũgĩ na mdogo wake wakafukuzwa wamfuate.

Tunakipenda kitabu hiki kwa kuwa hakimtetei mzee wala hakimfanyi shetani. Shamba lilipotea, ndiyo, lakini kwani ni mama aliyelichukua? Mama huyo, asiyejua kusoma, ndiye aliyempeleka mtoto shule.

Sasa jambo gumu. Mwaka 2024 mwanawe Mũkoma, mwandishi pia, alisema hadharani kwamba Ngũgĩ naye alimpiga mkewe Nyambura, mamake Mũkoma. Wengi walimkemea kijana, eti mzazi hasemwi hivyo. Ngũgĩ alifariki Mei 2025. Sisi tunaona mwana ana haki ile ile ya kusimulia aliyoitumia baba.

Kikundi kikitaka kujaribu, daftari moja kwa kila mtu latosha. Andika siku moja tu unayoikumbuka: nani alikuwepo, nini kilisemwa, mlikula nini ama mlilala njaa. Kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, vyovyote. Mtu asilazimishwe kusoma mbele ya wenzake, na kilichosomwa kisitoke nje, maana jioni mwenzetu anarudi nyumba ile ile.

Lakini mtoto anayepigwa leo hangojei daftari. Piga 116, simu ya bure ya watoto, ama umwone afisa wa watoto siku hiyo hiyo.