Tujifunze Kupiga Picha za Mtaani kwa Darasa la Mtandaoni



Vijana wa vikundi vyetu, kuanzia Voi mpaka Mwatate na Taveta, wanauliza: je, mtu anaweza kujifunza kupiga picha kwa simu yake, bila kwenda Nairobi wala Mombasa? Wazee nao wana lao: hayo masomo ya mtandaoni si kumaliza pesa ya bando bure? Maswali yote mawili ni ya haki. Hebu tuyaangalie pamoja.

PICHA ZA MTAANI NI ZIPI?

Waliovuka feri ya Likoni miaka ya 1990 watawakumbuka wapiga picha wenye vibanda pale. Walikusimamisha mbele ya pazia la rangi, wakakupanga mikono, halafu wakapiga. Hiyo ni picha ya kupangwa, na ina kazi yake.

Picha ya mtaani ni kinyume. Mpigaji hampangi mtu. Anangoja na kuangalia, halafu anachukua maisha yanavyopita: mama akipanga nyanya sokoni Voi, makanga akiita abiria wa Wundanyi, vumbi jekundu likipanda nyuma ya boda boda.

Mtu atasema, ati hayo ni mambo ya watoto wa mjini. Si kweli. Picha za Taita Taveta zinazoonekana nje ni za ndovu wa Tsavo na za ukame. Ni za kweli, lakini hazitusemi sote. Kikundi chenye watu wanaojua kupiga picha kinaweza kujionyesha chenyewe: kazi yake, soko lake, watu wake.

Tena picha ina nguvu. Mwaka 2009 Boniface Mwangi na wenzake walianzisha maonyesho ya Picha Mtaani. Picha za ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilipelekwa katika miji mbalimbali na kuwekwa barabarani, watu wakaziangalia na kuzungumza juu ya yaliyotokea. Wala kuanza hakutaki vyombo vya bei. Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia, alianza na kamera ndogo ya Box Brownie akiwa mvulana wa shule Dar es Salaam.

DARASA LA MOJA KWA MOJA LINA FAIDA GANI?

Kuna video zilizorekodiwa, nyingi ni za bure. Lakini video haikuoni. Utaitazama mara 20 na makosa yako yatabaki palepale. Katika darasa la moja kwa moja mwalimu yuko upande wa pili saa ileile. Unamtumia picha 3, anazifungua mbele ya wote na kusema: hapa umesimama mbali mno, hapa nguzo ya stima imeota kichwani mwa mama, hapa ungengoja kidogo mtoto avuke. Kinachofundisha ni huko kusahihishwa. Kama darasa halina kusahihishwa, msilipe.

HATUA ZA KUFUATA

1. Ulizeni kabla ya kulipa. Je, mwalimu huangalia picha za kila mwanafunzi? Wanafunzi ni wangapi? Simu inatosha au anataka kamera? Picha zetu atazitumia wapi? Anayetaka pesa yote leo na hajibu maswali, mwacheni aende zake.

2. Kaeni pamoja. Mtu mmoja aandikishwe kwa jina la kikundi, mwalimu akikubali, na wote wakae mbele ya kompyuta moja au simu moja yenye spika. Tuseme darasa ni shilingi 3,000 na bando ni shilingi 200. Mkiwa 10, kila mmoja anatoa shilingi 320. Mkiwa pamoja, anayejua Kiingereza atamweleza asiyekijua.

3. Hesabuni bando na saa. Darasa la video la saa moja linaweza kula gigabaiti moja hivi. Mkutano wa bure wa Zoom hukatika baada ya dakika 40, kwa hiyo ulizeni mwalimu amejipangaje. Kama yuko London na darasa ni saa kumi na mbili jioni ya kwao, kwetu ni saa tatu usiku, na miezi yao ya joto ni saa mbili. Akina mama watarudije nyumbani? Amueni hilo kabla ya kujiandikisha.

4. Fanyeni zoezi kila wiki. Chagueni mahali pamoja, kama steji ya Voi au soko la Taveta. Kaeni saa nzima, pigeni picha 10, chagueni 3. Mwalimu wa Ulaya huenda halijui jua letu. Hapa mchana jua liko karibu na utosi, na uso ulio chini ya kofia au leso hutoka mweusi. Pigeni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Mchana tafuteni kivuli cha baraza au kibanda.

RUHUSA: HAPA TUSIMAME KIDOGO

Wako walimu wa nje wanaofundisha hivi: barabara ni ya wote, piga uende. Sisi tusilibebe hilo zima zima. Voi si London. Mama uliyempiga leo utakutana naye kesho kwenye chama, kisimani au hospitalini. Na watu wetu wana sababu ya kuogopa. Mzee mwenye shati lililochanika anajiuliza: picha yangu inakwenda kuombewa pesa kwa nani? Swali hilo linataka jibu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ni ya mwaka 2019. Mwezi Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ni kweli sheria hiyo imeacha nafasi kwa habari na sanaa. Lakini picha ikishaingia kwenye tangazo au biashara, mambo ni mengine.

Basi, tutapataje picha isiyopangwa kama tunaomba ruhusa kwanza? Fanyeni hivi. Salimieni watu mnapofika, mjulikane ni akina nani. Pigeni maisha yanavyokwenda. Kisha mwendee mtu, mwonyeshe picha, mweleze mnataka kuifanyia nini. Akikataa, ifuteni mbele yake, bila kubishana. Mtoto asipigwe mpaka mzazi akubali. Mgonjwa na mtu aliye katika aibu wasipigwe kabisa. Msielekeze kamera kwenye kituo cha polisi, kambi ya jeshi wala mpakani Taveta bila kibali. Picha ikitakiwa kuuzwa, aliyepigwa atie sahihi na mkubaliane sehemu yake.

Kuuliza si ujinga. Atakayepoteza picha moja kwa sababu ameuliza, atapata nyingine 10 kwa sababu wamemwamini.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, kuna mtu hapa aliyewahi kuona picha yake mahali ambapo hakutarajia? Alijisikiaje?
2. Tungependa wageni waone picha gani tatu za kijiji chetu? Nani atazipiga?
3. Nani atatunza simu na picha za kikundi, na nani ana ruhusa ya kuzituma nje?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi kabla ya kulipia darasa lolote. Swali la tatu likikosa jibu, ngojeni kwanza, mlimalize.