Msaada wa Sheria Bila ya Malipo ni Haki ya Mnyonge



Mikarafuu isipozaa, hapana anayeiulizia. Ikizaa, wenyewe huwa wengi. Kila msimu ukikaribia husikia maneno ya mashamba, na mara nyingi aliye mnyonge huacha haki yake kwa kusema, "Mimi sina fedha ya wakili." Tumeona ni wajibu wetu kueleza kwamba ukosefu wa fedha si sababu ya kuacha haki.

Natutoe mfano. Mtu amefariki, wazazi wake hawapo, na ameacha mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Baada ya maziko, madeni na wasia, imebaki mikarafuu 64 iliyo sawasawa. Kwa hisabu ya mirathi ya Kiislamu, mke hupata thumuni, nayo ni mikarafuu 8. Inayobaki ni 56: mwanamume hupata 28, na kila binti 14. Ndugu wa marehemu hapati kitu, maana yupo mtoto wa kiume. Lakini ndugu huyo akitangulia shambani na wachumaji wake, akachuma yote na kuuza, yule mjane atafanya nini?

Zamani angelia tu. Lakini tangu mwaka 1992 kipo Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kinachowasaidia watu wasio na uwezo. Tena mwaka 2018 Zanzibar ilipata Sheria ya Msaada wa Kisheria, na ipo Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria inayosimamia mambo hayo. Kwa hivyo, anayekwenda kuomba msaada huu haombi sadaka. Anafuata jambo lililowekwa na sheria.

Wanaosaidia ni wa namna mbili, na ni vizuri kuwatofautisha. Wa kwanza ni msaidizi wa sheria, ambaye hukaa karibu na watu. Yeye hueleza sheria, husaidia kuandika barua, husuluhisha wanaokubali kusuluhishwa, na huonyesha pa kwenda. Si wakili, wala hasimami mahkamani kumsemea mtu. Wa pili ni wakili mwenyewe, ambaye huhitajika shauri likifika mbele ya hakimu.

Jambo jingine ni kujua mlango wa kubisha. Mirathi ya Muislamu, pamoja na ndoa na talaka, hupelekwa Mahkama ya Kadhi. Ugomvi wa mipaka na matumizi ya ardhi huenda Mahkama ya Ardhi. Na tukumbuke kwamba kwetu huku mti waweza kuwa na mwenyewe, na ardhi ikawa ya mtu mwingine. Basi mtu aeleze wazi anachodai ni mikarafuu, ni ardhi, au ni vyote viwili. Asiyejua amuulize msaidizi wa sheria kabla ya kupoteza nauli.

Mwenye shida aende mapema, asingoje karafuu ziwe juu ya jamvi. Achukue karatasi alizonazo: hati ya shamba au ya eka tatu, cheti cha kifo, risiti za kuuzia karafuu, na majina ya majirani wanaoijua mipaka. Asitie sahihi wala dole gumba katika karatasi asiyosomewa ikamwelea. Wala asiingie shambani kwa panga na ugomvi, kwani mwenye haki akipiga mtu hugeuka mshitakiwa, na shauri lake la shamba likaharibika.

Mwisho, tunawaomba wanachama wanaojua kusoma wawasomee habari hii wajane, mayatima na wazee wa mitaani mwao, hata wasiokuwa wanachama. Mwenye nguvu hukawia kudhulumu akijua kuwa mnyonge ana wa kumsemea.

Katibu wa Chama